Funguo Saba Kwenye Msumari

Kila mwaka, ifikapo tarehe 20 Desemba au siku moja kabla, watu wenye haraka huanza kupiga hodi mlangoni kwangu hapa Pasua, mjini Moshi. Hawaji kukaa wala hawakubali chai. "Mwalimu, sisi tunapanda," husema, na neno hilo halihitaji maelezo, kwa kuwa kila mtu anajua kwamba wanakwenda Machame, Kibosho, Uru, Marangu au Rombo, kwenye vihamba, yaani mashamba ya ukoo ya wazee wao, kula Krismasi. Kisha hunikabidhi ufunguo pamoja na maagizo: kuku walishwe asubuhi na jioni, taa ya nje iwashwe, maji yakitoka pipa lijazwe, na mbwa asiaminiwe hata akitikisa mkia. Kufikia tarehe 23 huwa nina funguo sita au saba kwenye msumari ulio nyuma ya mlango wa jiko, na mtaa mzima unakuwa kimya kama shule iliyofungwa.

Watanzania wa mikoa mingine hutania kwamba Wachaga hurudi mlimani kila Desemba ili wakahesabiwe. Nimeishi hapa karibu miaka ishirini, na naona utani huo una ukweli mwingi kuliko wanavyodhani wenye kuutania. Hesabu ipo. Hakuna mwenye daftari, lakini bibi aliyekaa kwenye benchi mbele ya nyumba yake kule juu anajua nani amefika, nani ametuma pesa badala ya kufika, na nani hakufanya hili wala lile. Na huyo wa tatu atasemwa mpaka Pasaka. Nimewahi kupanda nao mara mbili nikiwa mgeni, nikala machalari na mtori, nikapishana na kata za mbege, pombe yao ya ndizi, bila kuzigusa, na mara zote mbili niliwaona watu wazima wenye vyeo vyao Dar es Salaam wakitumwa kukata majani ya ng'ombe kama watoto wa darasa la tano. Walikuwa wakinung'unika huku nyuso zao zimenawiri.

Ninayebaki na funguo ni mimi, na sababu zake zinajulikana mtaa mzima. Mimi ni Mwislamu, kwa hiyo Krismasi si sikukuu yangu. Na kwetu ni Pangani, mahali ambapo majirani zangu wengi wanapasikia tu kwenye taarifa ya habari. Nilipangiwa Moshi mwaka 2006, nikiwa mwalimu mpya wa jiografia. Niliripoti mwezi Julai nikiwa na sanduku la bati, mkeka wa ukindu, na mbuzi ya kukunia nazi ambayo mama aliisukumiza ndani ya sanduku bila kuniuliza, ikakunja pembe za vyeti vyangu vyote. Mkuu wa shule aliniuliza kama nitaiweza baridi. Baridi niliiweza kwa masweta mawili ya mtumba kutoka soko la Memorial. Kilichonisumbua kwa muda mrefu ni kutojua ni saa ngapi.

Naomba nieleweke. Saa ya mkononi nilikuwa nayo. Lakini mtoto aliyekulia Pangani hupima siku kwa maji. Bahari hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa takriban dakika 50 kuliko jana, hivyo hakuna siku inayofanana kabisa na iliyoitangulia. Mama hakuwahi kuniambia nirudi nyumbani saa kumi. Aliniambia nirudi kabla maji hayajajaa. Bamvua ilipofika, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji yalikimbia mbali sana na wanawake walikwenda kuchokoa pweza miambani, na siku hiyo hata mwalimu wa madrasa alijua kwamba wanafunzi watapungua. Nilipofika Moshi, nilikuwa nikiamka asubuhi na kujihisi kama mtu aliyeingia katika mazungumzo yaliyoanza kabla yake. Hapakuwa na kitu kilichokuja wala kilichoondoka.

Ilinichukua zaidi ya mwaka kugundua kwamba kipo, na kwamba wenyeji hawakitazami kwa sababu wanakijua. Mlima hutoka na kuingia. Asubuhi na mapema, kabla ya saa mbili au tatu, Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, huwa wazi juu ya mji, na kilele cha Mawenzi upande wa mashariki yake kama jino lililovunjika. Kisha mawingu hupanda kutoka msituni na kuufunika mchana kutwa, na jioni jua likielekea kuzama mlima huchungulia tena kwa muda mfupi. Katika masika, hasa Aprili, unaweza kukaa wiki nzima bila kuuona, na mgeni akakuuliza kama kweli uko mahali hapo. "Mlima umetoka," husema fundi viatu wa jirani bila kuinua kichwa chake kutoka kwenye soli anayoishona. Nilipoisikia sentensi hiyo kwa mara ya kwanza nilikumbuka jinsi wavuvi wa kwetu wanavyosema "maji yametoka", nao vilevile bila kutazama. Kuanzia siku hiyo nilianza kulala vizuri.

Mambo ya chakula nitayapita haraka, kwa maana kila aliye mbali na kwao huyasimulia mpaka yanachosha. Itoshe kusema kwamba nazi zinapatikana soko la Mbuyuni, zikiletwa na malori kutoka Tanga, na kwamba muuzaji wangu, ambaye hajawahi kuiona bahari, huigonga nazi kwa ukucha na kuisikiliza kwa umakini wa daktari kisha ananipa mbovu. Samaki wa bahari ni shida. Lakini wapo perege kutoka bwawa la Nyumba ya Mungu, na hao ndio walionifikisha kwenye jambo ninalotaka kulisema.

Siku moja katika mwaka wangu wa pili nilikuwa nafundisha kidato cha pili somo la mabonde ya mito. Nilichora ubaoni Mto Pangani, kama kitabu kilivyoelekeza, nikianzia juu. Huu hapa Kikuletwa, nikasema, unaokusanya maji ya Mlima Meru na ya upande wa kusini na magharibi wa Kilimanjaro. Huu hapa Ruvu, unaoleta maji ya mashariki ya Kilimanjaro na ya Ziwa Jipe. Vyote viwili vinaingia Nyumba ya Mungu, bwawa lililojengwa katika miaka ya 1960. Mwanafunzi mmoja aliyekaa nyuma aliuliza kama mto wao, Karanga, nao umo. Umo, nikamjibu, unaingia Weruweru, na Weruweru unaingia Kikuletwa. Niliendelea kuchora: mto ukitoka bwawani, ukipita nyika kavu ya magharibi ya milima ya Upare, ukiambaa chini ya Usambara, ukipita kando ya Korogwe, ukizungusha mitambo ya umeme ya Hale, hadi baharini. Chaki ilipofika mwisho wa ubao niliweka nukta na kuandika jina. Niliandika Pangani, nikabaki nimesimama pale nikiwa nimewapa mgongo watoto arobaini na kitu, kwa sababu nukta ile ilikuwa ni baraza ya nyumba yetu.

Nilikuwa nimeyasoma hayo chuoni na nikafaulu mtihani wake. Lakini kujua kwa kufaulu mtihani ni jambo jingine kabisa. Kwa mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimepita kwenye daraja la Karanga, njia ya kwenda Arusha, nikiyaona maji yale kama maji ya watu. Wakati wote huo yalikuwa yakienda kwetu, umbali wa karibu kilomita 500, kupitia mashamba ya mpunga na matete ya bwawa na mitambo ya umeme, yatakayosalia yapite mbele ya pantoni ya Bweni, mahali nilipojifunza kuogelea. Jioni ile nilimpigia mama simu. Nikamweleza kwa furaha kubwa. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba, kama ni hivyo, niwaambie hao watu wa juu waache kuyamaliza, kwa sababu maji ya chumvi yanapanda mtoni siku hizi na minazi ya kando inakufa.

Alikuwa sahihi, na wataalamu wa bonde hilo wameyaandika hayohayo kwa maneno marefu zaidi: maji yakitumika sana huku juu, mto hupungukiwa na nguvu ya kuizuia bahari kule mdomoni. Nami nimekuwa mmoja wa hao watu wa juu. Nina bustani ya mchicha na sukuma wiki, na ninaimwagilia. Hapa niongeze jambo moja kama mwalimu, kwa sababu nalisikia likikosewa kila mara: mito hii haiishi kwa barafu ya Kibo. Barafu hiyo imepungua kwa zaidi ya asilimia 80 tangu mwaka 1912, na inasikitisha kuitazama, lakini inayoilisha mito ni mvua inayonyesha kwenye msitu. Atakayetaka Pangani ipate maji asitazame juu sana, atazame miti.

Na kwa kuwa nimetaja kupungua, upande wa kwetu tulikuwa na kisiwa cha Maziwe. Wazee walikikumbuka kikiwa na mivinje, na kasa wakija kutaga. Mimi nimekikuta fungu la mchanga linalofunikwa maji yakijaa. Watalii hupelekwa kwa boti kuogelea, na wanakifurahia.

Watu hudhani kwamba aliye mbali huwa mgeni mahali pamoja tu. Mimi hupanda basi kwenda Pangani kila Idi inaporuhusu, na mara ninapoteremka na mizigo yangu naisikia sauti ya mtu anayeshona nyavu: "Mchaga wetu kaja." Si kwa ubaya. Nimezoea kusema "aisee" mwanzoni na mwishoni mwa sentensi, natembea kwa haraka, na nikiulizwa habari natoa jibu moja badala ya kupitia za nyumbani, za watoto, za kazi, za safari na za huko ulikotoka, mpaka zote ziwe njema. Shangazi yangu huniambia kwamba nasalimia kama ninayedaiwa. Mwanangu wa mwisho, aliyezaliwa hapa Moshi, tulimpeleka akiwa na miaka minne. Alilala baada ya kuiona bahari imejaa mpaka kwenye ngazi, na alipoamka maji yalikuwa yamepwa, tope tupu na ngalawa zimelala ubavu. Alisimama kimya kwa muda mrefu, halafu akaniuliza kwa uso wa kuogopa kama ni yeye aliyefanya hivyo.

Mama alifariki siku ya Jumanne. Simu ilinifikia saa nne asubuhi nikiwa darasani. Niliaga, nikapata basi la Dar es Salaam lililokuwa likipita, ili niteremke Segera nikatafute gari la Tanga. Wanaoijua barabara ile wanajua kwamba haina haraka na huzuni ya mtu: Himo, Mwanga, Same, Hedaru, milima ya Upare upande wa kushoto haikwishi, na mto nisiouona ukiwa upande wa kulia, ukienda njia yangu hiyohiyo. Kabla hatujafika Mombo kaka yangu alipiga simu. "Dada, tumeshamhifadhi," alisema. Walikuwa wamemswalia baada ya Alasiri.

Hata ningekuwepo nisingekwenda makaburini, kwa kuwa kwetu wanawake hubaki nyumbani. Lakini ningemwosha. Kazi hiyo ni ya mabinti, na mimi ndiye binti mkubwa. Aliyeniwakilisha alikuwa jirani, mwanamke niliyesoma naye, na usiku ule nilipofika saa nne na nusu alinikumbatia, nikanusa karafuu maiti na marashi mikononi mwake. Hiyo ndiyo sehemu ya mazishi ya mama niliyoipata. Simlaumu mtu. Kuharakisha maiti ni kumheshimu, nimefundishwa hivyo tangu utotoni na naamini hivyo mpaka leo. Wala kaka yangu hakuwa na ruhusa ya kumngojesha mama barabara ya Same.

Niliporudi Moshi, majirani walikuja. Hili ni lazima niliseme vizuri: walikuja wote, kwa zamu, wakiwa na mchele, sukari na bahasha ya rambirambi iliyoandikwa majina ya watoa mchango kwa kalamu ya bluu. Bibi mmoja wa nyumba ya kona, ambaye ufunguo wake huwa wa kwanza kufika kila Desemba, alikaa nami mpaka jioni. Aliniuliza taratibu kama ni kweli walimzika bila mimi. Nikamwambia ni kweli. Akaniambia kwamba mumewe alipofariki walimngoja siku tisa, kwa sababu mtoto wao mmoja alikuwa ng'ambo na nauli haikupatikana mapema. Mwili ulikaa mochwari mpaka yule kijana alipofika, ndipo wakapanda naye na kumzika kihambani, kwenye migomba, hatua chache kutoka mlango wa nyumba. Akafikiri kidogo, akauliza: "Sasa kwenu aliye mbali anafanyaje, Mwalimu?"

Nilianza kumweleza kuhusu dua na kisomo, na kwamba hitima ilingoja mpaka nilipofika. Alinisikiliza kwa adabu kubwa. Nilijua kwamba nilikuwa najibu swali jingine. Alichokuwa akiniuliza ni kitu ambacho watu wa mlima wamekipangia utaratibu, kwa siku tisa za mochwari na kwa Desemba na kwa kaburi lililo karibu na mlango, na ambacho sisi watu wa pwani tumekiachia bahari: kwamba mtu akiondoka, ameondoka, na akirudi tutamkaribisha. Mabaharia na wavuvi walizoea hivyo. Sijui kama mwalimu wa jiografia aliyeajiriwa na serikali anaweza kuzoea.

Tangu hapo wameniuliza, mmoja baada ya mwingine, na bila aibu yoyote, kwamba mimi nitazikwa wapi. Hapa ni swali la kawaida, kama kuulizwa unasali wapi. Mume wangu, mtu wa Lushoto, hucheka na kuwaambia kwamba atakapofia ndipo alipojengea. Mimi hukwepa. Tumenunua kiwanja nje kidogo ya mji, na tulipokuwa tukipima mipaka, bibi wa nyumba ya kona alituletea vichipukizi vya masale kutoka kihambani kwake, kwa sababu ndiyo mimea wanayoitumia kuonyesha mpaka wa shamba, na ndiyo hiyo hiyo anayoshika mtu anapokwenda kuomba radhi. Niliyapanda yote. Yameota vizuri kuliko minazi miwili niliyojaribu, ambayo ina miaka sita na bado inanifika kiunoni, kwa kuwa mnazi unataka joto na hapa haulipati la kutosha.

Kipindi cha Krismasi iliyopita kilikuwa kirefu. Niliwalisha kuku wa nyumba nne, nikajaza mapipa, nikagombana na mbwa. Jioni, mwanangu na mimi tulikuwa tukizunguka mtaa kuwasha taa za nje, moja baada ya nyingine, katika nyumba zisizokuwa na mtu, na kwa mbali, juu gizani, tuliziona taa nyingine zikiwaka kwenye miteremko, nyingi kuliko kawaida. Mwanangu aliuliza ipi ni ya bibi wa kona. Nilimwonyesha mojawapo, yoyote.

Tarehe 3 Januari walianza kushuka. Huja na ndizi, mkungu kwa kila ufunguo, na jiko langu hunuka utomvu wa migomba kwa wiki nzima. Mjukuu wa bibi, kijana wa miaka kama kumi na miwili, alitumwa kuchukua wao. Nikamwambia aende nyuma ya mlango wa jiko ajichukulie, uko kwenye msumari, una kamba nyekundu. Alikawia. Nilipokwenda kumwangalia nilimkuta ameshika ufunguo mwingine, mrefu, wa chuma cha zamani ulioliwa na chumvi, akiugeuza kwenye mwanga.

"Huu ni wa nyumba ipi, Mwalimu?"

Ni wa mlango wa mbele wa mama. Baada ya arobaini, kaka yangu alibadilisha kitasa, kwa sababu mbao zilikuwa zimevimba na ufunguo ulikuwa ukikwama; kipya hakunipa, wala sikuomba, maana kule mchana mlango haufungwi.

"Wa Pangani," nikamwambia. "Urudishe hapohapo ulipoutoa. Wenu ni ule wa chini yake."